Mjomba kanilipia saa moja na mwalimu kwenye simuleta ya Airbus A320 na mimi sijui chochote, nitaweza kutua kweli?

Kijana wa Nkuhungu

Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa wote humu ndani. Mimi niko Dodoma, Nkuhungu, nasoma UDOM mambo ya kompyuta. Ndege nimepanda kama abiria tu, tena kiti cha katikati hata dirisha sikuliona vizuri.

Sasa ishu iko hivi. Nina mjomba anaishi Johannesburg, mwezi wa 12 naenda kumtembelea na kasema zawadi yangu ya kufaulu ni saa nzima kwenye simuleta ya A320, ile kubwa ya kutikisika wanayofundishiwa marubani wenyewe, na pembeni anakaa mwalimu. Sio gemu ya kwenye simu wakuu. Toka aniambie hivyo usingizi umekata, usiku nashinda YouTube bando linaisha naunga tena.

Kijiweni tumebishana mpaka watu wamenuniana. Mmoja anasema hakuna binadamu anayeanzia ndege kubwa, hata rubani wa Dreamliner alianza na kale kandege ka propela moja, kwaiyo mimi nitakaa pale kama pambo mwalimu ndo ataendesha. Mwingine anasema siku hizi ndege zinajiendesha zenyewe, unabonyeza kitufe unakunywa chai. Mimi nataka kujua kwa mtu aliyewahi kukaa pale, hivi mtu asiyejua kitu kabisa akikaa na mwalimu anaachiwa mpaka wapi? Anaachiwa atue? Na nijiandae vipi maana saa moja ni ndogo na sitaki ipite natafuta mkanda. Alafu navaa miwani sijui kama ni tatizo.

Zabibu Kavu

Dogo ukitua salama rudi utuchukue Dodoma mjini, nauli tutachanga. Ila mkanda wa kule ni wa kupitia mabegani usije ukajifungia na kiti cha mwalimu.

Nakaa hapa nasubiri wajuzi, hii mada tamu.

Kiti cha Kulia

Mdogo wangu hongera, zawadi hiyo usiichukulie poa. Mimi ni mtoto wa Kondoa, kazi yangu ni rubani msaidizi kwenye ndege za propela mbili, kampuni tuiache. Kesho sina safari kwaiyo nakujibu kwa kirefu.

Huyo anayesema hakuna anayeanzia ndege kubwa yuko sawa ukizungumzia leseni. Kwa viwango vya ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaanza na leseni binafsi, saa 40 angani na umri miaka 17. Unafuata leseni ya biashara, saa 200, au 150 kama umesoma kozi moja ya mfululizo iliyoidhinishwa, miaka 18. Hapo ndo unaruhusiwa kwenda kusomea aina moja ya ndege, iwe Dash 8 au A220 au hiyo 320, na haya mafunzo ya aina ya ndege ndo sehemu kubwa hufanyika simuleta. Leseni ya juu kabisa ambayo kapteni wa ndege kubwa lazima awe nayo inataka saa 1,500 na miaka 21. Mwaka 2006 ICAO walileta njia nyingine inaitwa MPL, hii inakuandaa toka mwanzo uwe rubani msaidizi wa ndege ya marubani wawili, jumla ni saa 240 ukichanganya angani na simuleta, lakini hata hao MPL wanaanzia kandege kadogo. Na mwishoni wanatakiwa waruke na kutua na ndege halisi mara 12, mamlaka ikiridhika inaweza kupunguza. Kwaiyo ukitaka kukaa kwenye kiti cha Airbus hujawahi kurusha chochote, mlango uliopo ni simuleta tu, na mjomba wako kaulipia.

Sasa kitu kitakachokushangaza. Kuishika ikiwa juu huko ni rahisi sana, rahisi kuliko kandege kadogo. A320 haina usukani, ina kijiti kidogo pembeni, ukikaa kushoto kiko mkono wa kushoto. Ukikisukuma pembeni kidogo ndege inalala upande, ukikiachia inabaki imelala vile vile ulivyoiacha mpaka uirudishe mwenyewe. Kompyuta zake hazikubali uilaze kupita digrii 67 wala uinue pua kupita 30, vuta unavyotaka. Kwaiyo dakika za mwanzo utajiona umezaliwa rubani. Wageni wote wanajiona hivyo.

Balaa linaanza mwalimu akikuambia tushuke. Ile ndege ni tani 60 na kitu na haina haraka ya kupoa, ni kama semi iliyoshiba mzigo inateremka Sekenke, ukisubiri ufike kwenye kona ndo upunguze mwendo umeshachelewa, ulitakiwa uamue huko juu. Mgeni anaona yuko juu sana anasukuma pua chini, pua ikienda chini kasi inapanda, kasi ikipanda flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa, haziruhusiwi kutoka, flapu zisipotoka haipungui kasi, ndo hivyo mnakimbizana mpaka ranwei inapita chini yenu mnaiangalia. Na ukiwa umepunguza sana nako kuna shida yake kwa sababu injini za jeti ukiisukuma throtali, ile leva ya nguvu ya injini, kutoka chini kabisa haikupi nguvu pale pale, inajivuta sekunde kadhaa kwanza. Sheria za utengenezaji zinataka isizidi sekunde 8 kufikia nguvu ya kupaa tena. Sekunde 8 ukiwa karibu na ardhi ni nyingi mno mdogo wangu. Ila usiogope, pengine mwalimu atakuachia throtali ya otomatiki ikushikie kasi ili akili yako ibaki kwenye kijiti.

Kutua kwenyewe: unateremka kwa mteremko wa digrii 3, kasi kama nauti 135, hiyo ni kilomita 250 kwa saa, na unashuka kama futi 700 kila dakika. Pembeni ya ranwei kuna taa nne. Mbili nyeupe mbili nyekundu uko sawa, nyeupe zikizidi uko juu, nyekundu zote nne uko chini na mwalimu hatasubiri umuulize. Usipigane na kijiti. Sukuma kidogo, acha, angalia imejibu nini, ndo usukume tena. Ukikaribia, ndege yenyewe inakuhesabia futi kwa sauti, hamsini, arobaini, thelathini, pale kwenye thelathini unavuta kidogo, nasema kidogo, na macho unayatupa mwisho wa ranwei sio hapo mbele ya pua. Ukiangalia mbele ya pua utaiona ardhi inakurukia na mkono utavuta wenyewe, ndege itaelea, ranwei itaisha.

Swali la unaachiwa mpaka wapi ndo lenye utamu. Kwenye simuleta anaweza kukuachia mpaka uanguke, hakuna anayekufa, skrini inageuka nyekundu au inaganda mnaanza upya. Kwenye ndege halisi mwalimu anakuachia kwa kipimo cha urefu alionao. Futi elfu kumi anakuacha ukosee mpaka ujigundue mwenyewe, futi elfu moja anataka kila kitu kimetulia, kasi, flapu, matairi yameshuka, la sivyo mnapaa tena hakuna mjadala, na futi hamsini mkono wake uko tayari hata kama huuoni. Mwalimu mzuri anachelewa kushika kwa makusudi ili wewe ujifunze kurekebisha, lakini mpaka wa kuchelewa anao kichwani kabla hamjapaa. Na akishika anatamka, nimeshika, wewe unajibu umeshika na unaachia kabisa. Kwa Kiingereza chao bila shaka. Hilo la kutamka halina utani, ndege isiwe na watu wawili wanaovuta wala isiwe na wawili ambao kila mmoja anadhani mwenzake kashika.

Kwenye zenye usukani kama hizi zetu na Boeing, usukani wa kushoto na wa kulia zimeunganishwa, mwanafunzi akivuta mwalimu anauona unamjia tumboni anajua huyu kaanza ujinga. Airbus vijiti havijaungana. Mwalimu wa Airbus hauhisi mkono wako, anaona tu matokeo, ndo maana mwalimu wa 320 anaisoma pua ya ndege muda wote. Mkivuta wote wawili kompyuta inajumlisha na sauti inawaambia mmeshika wote. Yeye ana kitufe kwenye kijiti chake, akikibonyeza chako kinakufa. Ukisikia kijiti kimekuwa bubu ghafla ujue ni mwalimu huyo, tulia.

Zabibu Kavu

Kiti cha Kulia umeua mkuu. Kumbe kijiti kinauawa 😂😂 ningekipata cha kumuua shemeji yangu akishika rimoti.

Baba Careen Kisasa

Mleta uzi mimi sio rubani, ni mhasibu tu, ila nimekaa kile kiti cha nyuma ya marubani nikimtazama mke wangu akifanya hicho hicho unachoenda kufanya. Tulikuwa safari nje ya nchi, kazini kwao walipewa ofa. Mke wangu hata bodaboda hajawahi kuendesha, namheshimu lakini ukweli ndo huo.

Kwanza mle ndani ni padogo kuliko unavyodhani na ni giza na kuna kelele ya kiyoyozi, dakika mbili unasahau kabisa uko kwenye jengo. Lile boksi limesimama juu ya miguu sita inayopanda na kushuka, ndege ikiongeza kasi boksi linainama nyuma kidogo mgongo unasukumwa kwenye kiti na ubongo unakubali unakimbia. Kwaiyo usiende umeshiba sana. Ugali wa mjomba uache mpaka mmalize.

Mwalimu alimwanzisha ardhini, kumbe kuendesha ndege ardhini ndo kulimtesa kuliko angani! Kuna kigurudumu kidogo pembeni cha kukatia kona ukiwa mwendo mdogo, alafu marubani wanakaa mbele ya tairi la mbele, kwaiyo kwenye kona unatakiwa upitilize ule mstari wa njano mpaka uone wewe mwenyewe unaelekea kwenye majani, ndo ukate. Mke wangu alikuwa anakata mapema kama gari, tairi zinapita majanini, mwalimu anacheka tu. Na wakati wa kukimbia kupaa unanyoosha kwa miguu, pedali, sio mikono.

Kilichonifurahisha ni jinsi jamaa alivyokuwa anafundisha. Ana skrini yake nyuma, akitaka anasimamisha ndege hapo hapo hewani, kila kitu kimya, anatoa kalamu anamchorea hii hapa ni ranwei, hii ni wewe, umeona uko juu, haya twende. Au anaichukua ndege anairudisha kule kwenye maili kumi kabla ya ranwei, anairudia sehemu ile ile moja badala ya kupoteza muda kuzunguka. Mwanangu mwambie mwalimu toka mwanzo usimalize muda kwenye kupaa na kuzunguka kuangalia mji, mwambie akurudishe kwenye kutua, kutua, kutua. Mke wangu alitua vizuri, na mwalimu alisema sababu ni kwamba alikuwa anafanya anachoambiwa, basi. Akiambiwa kidogo kulia anafanya kidogo kulia anarudi. Alisema wanaomsumbua ni wanaume wa magemu, wanakuja wameshajua kila kitufe ila hawasikii.

Kijana wa Nkuhungu

Dah asanteni sana, hapo kwa wanaume wa magemu nimeguswa 😅 maana ninayo simuleta kwenye laptopu inakwama kwama. Kwaiyo niiache kabisa nisiguse mpaka nifike?

Mzee wa Mnara

Mbukwenyi wana Dodoma. Mimi ni mstaafu, miaka mingi nilikuwa mwongoza ndege, sasa hivi niko na zabibu zangu Mpunguzi. Nimesoma majibu yote, vijana mmejibu vizuri, nina mawili matatu ya kuongeza na moja la kupinga.

La kwanza, huyo mwenzako wa kijiweni anayesema ndege inajiendesha. Otopailoti ipo, na A320 inaweza kujitua yenyewe, lakini mpaka mtu aiandalie, achague masafa ya redio ya uwanja, aipe urefu, ashushe matairi na flapu kwa wakati wake, na uwanja wenyewe uwe na mitambo inayotosha kwa kazi hiyo. Mgeni peke yake hajui hata aanzie kitufe kipi. Mwezi wa 5 mwaka 2022 huko Florida abiria asiye na mafunzo ya urubani alitua na Cessna Caravan, hizi hizi mnazoziona zikipeleka watalii mbugani, rubani wake aliugua ghafla angani. Kilichomwokoa ni pamoja na sauti ya mwongoza ndege aliyekuwa pia mwalimu wa urubani, walimkimbilia akiwa mapumzikoni wakamwambia kuna mtu juu hajui kurusha. Akamuelekeza hatua kwa hatua, maneno machache, mpaka uwanja wa Palm Beach. Ile ni ndege ya injini moja na inatua taratibu. Jeti kubwa yenye abiria ikatuliwa hivyo, hilo bado hatujaliona.

La pili nalisema kwa uzito. Msije mkadhani kukaa na mtaalamu pembeni kunatosha. Machi 23 mwaka 1994 ndege ya Aeroflot namba 593, Airbus A310 kutoka Moscow kwenda Hong Kong, kapteni aliwakalisha watoto wake kwenye kiti chake usiku wa manane, otopailoti imewashwa, ionekane kama wanaendesha. Wa kiume akaukaza usukani zaidi ya sekunde 30, otopailoti ikaachia mabawa kimya kimya, sehemu nyingine ikabaki nayo. Taa iliwaka lakini haikupiga kelele, na wale marubani hawakuijua tabia hiyo ya ndege yao. Ikalala, ikazama, walipokuja kuikamata haikuwa na urefu tena. Watu 75 wote walikufa. Pale hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi, palikuwa na baba na wanawe. Hakuna aliyesema nimeshika, hakuna aliyesema umeshika. Mwalimu anasomea ualimu wake na anapewa kibali chake, kuna marubani wazuri mno ambao mimi nisingewakabidhi mwanafunzi.

Na ninalopinga. Kiti cha Kulia, hukumwambia kijana habari ya hewa! Uwanja wetu huu wa Dodoma uko futi 3,600 na ushee juu ya bahari, na mchana wa mwezi wa 11 joto unalijua. Hewa inakuwa nyepesi, ndege inakuonyesha nauti 130 kwenye saa yake lakini kasi yako ya kweli imepita 140. Unatua kwa kasi zaidi, unahitaji ranwei ndefu zaidi, na ukitaka kupaa injini zinahema. Ndo sababu mojawapo uwanja mpya wa Msalato ulipangiwa ranwei ya kilomita 3.6. Kijana amwambie mwalimu amwekee Dodoma, kodi ya uwanja ni HTDO, aone nyumbani kwao palivyo.

Kiti cha Kulia

Mzee wangu shikamoo. Kwa Aeroflot umenena, wenzetu wengi hawaijui ile.

Ila kwa heshima hapo kwenye Dodoma nitakubishia mzee. Mtu wa mara ya kwanza umpeleke kwenye hewa nyepesi na ranwei iliyo katikati ya mji unamuonea. Tena mwalimu wa Johannesburg akiwasha mashine bila kuambiwa kitu atamweka O.R. Tambo, na pale ni futi 5,500, juu kuliko hata Dodoma. Ranwei yao inapita kilomita 4 kwaiyo urefu upo, lakini kasi ni kubwa na mgeni mkono unachelewa. Mimi ningesema aombe Dar. Pale Nyerere uko karibu na usawa wa bahari, ranwei ya kilomita 3, upepo mwambie aweke sifuri, mchana kweupe. Akitua vizuri dakika zikibaki ndo ajaribu Dodoma saa nane mchana, hapo ataona tofauti mwenyewe na ataelewa mzee anasema nini.

Dogo kuhusu laptopu yako, usiiache. Itumie kujua vitu vilipo, kasi inasomwa kushoto, urefu kulia, ule mstari wa upeo katikati, mshale wa kupanda na kushuka pembeni. Kazi hiyo laptopu inaifanya vizuri hata ikikwama. Isichokufundisha ni mkono, kijiti cha gemu hakina uzito ule na macho yako yako sentimita hamsini kutoka kwenye skrini.

Miwani haina shida yoyote kwenye simuleta. Hata ukitaka urubani kweli, cheti cha afya daraja la kwanza kinakubali miwani mradi ukivaa unaona kwa kiwango kinachotakiwa, na unatakiwa utembee na nyingine ya akiba. Wanachokikazia ni macho kutofautisha rangi, hizo taa nilizokuambia nyekundu na nyeupe sio mapambo.

Mzee wa Mnara

Marahaba mwanangu. Dar sawa, nimekubali, lakini Dodoma asiiruke.

Mama Tatu Ipagala

Jamani na mimi naomba kuuliza hapo hapo samahani mleta uzi nimeingilia. Nina binti kidato cha tatu anataka urubani, kila siku ndo wimbo, baba yake anasema ni kazi ya watoto wa matajiri. Anatakiwa asome nini na ni wapi?

Kiti cha Kulia

Dada yangu huyo binti asikatwe. Fizikia, Hesabu na Kiingereza azishike, hizo tatu ndo zinaulizwa kila chuo. Kiingereza kina mtihani wake kabisa, marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa wafike ngazi ya 4 kati ya 6 za ICAO, na ni cha kuongea redioni sio cha kuandika insha.

Wapi, hapo sikudanganyi, wengi wetu tumesomea nje, Afrika Kusini, Nairobi pale Wilson kuna shule nyingi, wengine Ethiopia Addis. Kwa hapa nyumbani wapigie TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakupe orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwa sasa, usimpe hela mtu wa mtandaoni kabla hujaiona hiyo orodha. Shemeji hajakosea sana kwenye pesa, mpaka leseni ya biashara ni makumi ya maelfu ya dola, kiwanja na nyumba juu yake. Lakini kabla hujatoa hata senti ya ada mpeleke apimwe afya na daktari wa anga anayetambuliwa na TCAA. Nimeona familia imeuza shamba, kijana kafika mbali ndo inagundulika macho hayaoni rangi sawasawa. Kipimo kwanza.

Mama Tatu Ipagala

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Hili la kipimo nampelekea baba yake leo leo.

Kijana wa Nkuhungu

Nimempigia mjomba, nimemwambia Dar kwanza upepo sifuri, kacheka sana akasema hivi we umeanza lini kutoa masharti, ila amewaandikia wale watu na wamejibu inawezekana. Na kuhusu kurudiwa kwenye maili kumi wamesema ndo wanavyofanya kwa wageni wengi. Kiti cha Kulia swali la mwisho nisije nikakusumbua, nikishaigusa ardhi nafanya nini? Kila video naona inaishia pale tairi zinatoa moshi.

Zabibu Kavu

Unapiga makofi kama abiria wa Dar Mwanza.

Kiti cha Kulia

Hahaha Zabibu utamponza mtoto wa watu.

Tairi za nyuma zikigusa throtali ziwe zimesharudi chini kabisa, usizisahau juu. Pua usiiachie ijipige, ishushe taratibu na kijiti. Mabawani juu zitainuka mbao zenyewe kama mwalimu ameziandaa, zile zinaua kunyanyua ili uzito ukae kwenye tairi breki zishike. Kisha unavuta zile leva za throtali kurudi nyuma, injini zinapuliza mbele, utasikia ngurumo na boksi litakusukuma kifuani. Breki ziko juu ya pedali, unakanyaga kwa vidole vya mguu, ila kwaajili yako mwalimu atakuwa ameweka breki za otomatiki kwaiyo miguu yako iweke chini kwenye pedali, unanyoosha tu ibaki kwenye mstari wa katikati. Hapo ndo watu wanaachia mwili wanapumua na ndege inaenda majanini kwa kasi ya basi la mkoani, endelea kunyoosha mpaka iwe mwendo wa mtu kutembea. Kile kigurudumu cha kona alichosema Baba Careen ni cha mwendo mdogo tu, ukiwa bado unakimbia ranwei usikiguse.

Kijana wa Nkuhungu

Nimeelewa mkuu. Miguu chini kwenye pedali, kigurudumu nisiguse. Naandika kwenye daftari kabisa.